Vidonge Katika Mkebe wa Vifungo

Kitendawili, wajukuu zangu. Niliwafukuza wageni mia nyumbani kwangu, wakabaki wawili nikawapuuza. Niliporudi nikakuta mia tena, na fimbo yangu hawaiogopi. Mmeshindwa? Basi nipeni mji, nikae nautawala huku nawasimulia habari za bibi mmoja, fundi cherehani, aliyelipata jibu siku ambayo hakulitaka.

Bibi huyo alikuwa amekaa chumbani kwa daktari, mkoba mapajani, mkono mmoja ndani ya mkoba umeshika mkebe wa vifungo. Mjukuu wake mdogo, Kidoti, wa miaka tisa, alikuwa ameinamisha kichwa, daktari anamchungulia sikio la kushoto kwa kijitochi. Usaha ulikuwa umerudi, na tangu juzi ukimwita upande huo haitiki.

"Sikio hili tukilifanyia mchezo, atabaki na moja," daktari akasema. Akafuta mikono. "Dawa ya kwanza, ile ya siku saba, alimaliza yote?"

"Alimaliza," mama mtu, mkwe wa bibi, akajibu upesi. "Mimi nashinda kazini, lakini bibi yake alikuwa anampa kwa saa. Si ndiyo, mama?"

Daktari akamgeukia bibi. Bibi akafumbua kinywa, na hapohapo muuguzi akachungulia mlangoni: kuna mtu ameanguka mapokezi. Daktari akatoka mbio, swali akaliacha limesimama katikati ya chumba kama mgeni aliyenyimwa kiti.

Ukweli ni kwamba Kidoti alimeza dawa siku tatu tu. Siku ya nne sikio likakauka, mtoto akaanza kuruka kamba, na bibi akaona kumnywesha dawa mtu asiyeumwa ni israfu. Akiba haiozi. Maisha yake yote hajatupa kifungo, hata kile kilichobaki peke yake. Vidonge kumi na viwili vikaingia mkebeni, vikalala na vifungo. Ugonjwa uliporudi akampa sita kimyakimya, siku mbili, mama mtu asijue. Ilikuwa kama kampa unga wa chaki.

"Nikitoka hapa naenda kwa yule wa duka la dawa," mkwewe akasema. "Katuuzia dawa feki. Leo atanitambua, tena mbele ya wateja wake."

Bibi akauvuta mkoba karibu. Yule wa duka ndiye aliyemkumbusha mara mbili: bibi, zote, hadi kidonge cha mwisho.

Kwenye kona mjukuu mkubwa wa kike alikuwa amezama kwenye kitabu cha biolojia. Kesho ana mtihani. Nyumbani wanamwita Profesa.

"Mke mwenzangu," bibi akamwita, "hao wadudu wa sikio, kitabu chako kinasemaje?"

"Bakteria, bibi. Mwili wake wote ni seli moja. Hana mdomo wala miguu."

"Hana mdomo, na sikio la mwenzio anakula?"

Kidoti akacheka.

"Anajigawa tu, mmoja wanakuwa wawili, wawili wanne. Kila akijigawa ananakili maagizo yake ya urithi, DNA, na katika kunakili anakosea. Kama wewe ukikata mkono wa gauni kwa kufuatisha mkono uliotangulia, ukaiacha karatasi ya kipimo."

"Wa kumi haupiti kwapani."

"Basi. Makosa mengi ni hasara. Ila mara mojamoja anatokea ambaye kosa lake limemfaa, dawa inachelewa kumuua. Walegevu wanatangulia kufa, mgonjwa anajiona mzima. Ukiachia hapo, wagumu wanabaki na nafasi yote, wanazaa wagumu wenzao. Hayo ndiyo mageuko."

"Yaani wanaizoea dawa, kama mimi nilivyomzoea babu yenu."

"Hapana, bibi, hakuna aliyezoea. Walegevu wamekufa, wagumu ndio waliozaa. Anayeacha dawa njiani amewapalilia shamba."

Profesa akafunua ukurasa, hana habari amemchoma nani. Bibi akaukaza mkono kwenye mkebe. Kupalilia. Mikono hii hii iliyomwogesha Kidoti tangu ana siku saba.

Mtoto alikuwa amekuja kuketi kando yake, sikio bovu upande wa bibi. Bibi akainama, akalinong'oneza: "Nisamehe, mama."

Kidoti hakugeuka. Alikuwa anahesabu vigae vya sakafu kwa kidole cha mguu. Baada ya muda pumzi ya bibi ikamtekenya shingo, akainua uso.

"Umesema kitu, bibi? Huku sisikii. Hamia huku kwingine."

Daktari akarudi, akaketi, akachukua kalamu. "Tulikuwa kwenye dawa. Kama alimaliza, nianze kutafuta shida kwingine, na hiyo itachukua siku. Kama aliachia njiani, nabadilisha dawa leo hii, na usaha unaenda kupimwa sasa."

"Nimeshakwambia, daktari, alimaliza," mama mtu akasema. "Wa kuulizwa ni yule wa duka."

Bibi akautoa mkebe, akauweka mezani, akafungua. Kati ya vifungo vyekundu na vya shaba kulikuwa na vidonge sita. Hakumtazama mkwewe, alimtazama daktari.

"Hakumaliza. Siku tatu tu, na aliyemkatisha ni mimi."