Bahari ya Ghorofa ya Tatu

Mama Triza anasema alimwona Mzee Shiundu akichemsha mawe. Anasema alikuwa akianika nguo kwenye koridoo yetu ya ghorofa ya tatu, saa nne za asubuhi, upepo ukainua pazia la mzee, akaona sanduku la kioo limejaa maji, mwanga wa buluu juu yake, na ndani mawe yanatokota. Povu linapanda. Jiwe moja, anasema, lilikuwa na midomo, tena mingi, na lilipomwona likaifunga yote pamoja. Akaangusha beseni. "Sasa mmejua stima yetu huenda wapi," ndivyo alivyomalizia. Kila alipoisimulia aliongeza kitu. Kwa Marion wa duka mvuke ulikuwa umeloanisha dari. Ilipomfikia Ndete, keateka anayetuangalizia ploti, mzee alikuwa na jiko zima la stima.

Beseni lilianguka kweli, nililisikia. Na ya midomo ni kweli pia. Lakini hakuna kilichokuwa kikichemka kwa Mzee Shiundu. Hilo nalijua kwa sababu nilikuwa naye siku alipochagua kila kifaa kilichomo mle, na kwa sababu kitu kilichokuwa kinakula stima ya ploti kilikuwa chini ya kitanda changu.

Ploti yetu iko Mowlem. Vyumba thelathini na viwili, mita moja ya stima. Stima iko ndani ya kodi, na landlodi hutia tokeni za kulipia stima kila Jumatatu, kiasi kile kile. Zikiisha kabla ya Jumatatu nyingine, mnakaa giza. Kwa hiyo ukutani kwenye ngazi imeandikwa kwa rangi nyekundu: hakuna koili ya kuchemshia maji, hakuna pasi, hakuna friji. Mwezi wa nne Ndete alipata koili kwa Phelister wa ghorofa ya kwanza. Alimtolea vitu nje mchana huohuo, mvua inanyesha. Godoro lilikaa kwenye matope mpaka jioni. Sisi tulipita tukisema pole, halafu tukapanda ngazi haraka tusije tukaombwa kumlaza mtoto wake. Na mimi nilipita.

Kazi yangu ni kufulia watu nguo. Julai watu huleta blanketi na jaketi nzito, na ovaroli za makanika ambazo maji baridi hayazitoi grisi hata ukisugua hadi ngozi ichubuke. Makaa huchukua saa nzima kuchemsha ndoo moja, na moshi unarudi kwenye nguo ulizofua. Koili huchukua robo saa. Kwenye yangu imeandikwa wati elfu mbili. Huwa nafunga mlango, naichovya kwenye ndoo, naongeza redio, maana maji yakianza kuunguruma yanasikika hadi nje. Mwezi wa tano tokeni zilianza kuisha Jumamosi. Mwezi wa sita, Ijumaa.

Mzee Shiundu ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Miaka kumi na tisa alikuwa anapiga deki kwenye hoteli moja kubwa upande ule mwingine wa mji. Hapo mapokezi palikuwa na tangi la maji ya bahari, na yeye ndiye alikuwa akifuta vioo vyake, akimtazama mtaalamu aliyekuja kulihudumia kila mwezi. Februari meneja akamwambia tangi litaondolewa mwisho wa Juni, mahali pake pataangikwa televisheni.

"Na vilivyo ndani?" mzee akauliza.

"Mwaga chooni."

Vilivyokuwa ndani ni samaki wawili wa rangi ya chungwa na matumbawe matatu. Hilo neno nimelijulia kwake. Ukiyaona utasema ni mawe, kumbe ni wanyama, wana midomo midogo midogo mingi, na baridi inawaua. Moja lilikuwa kama kidole mzee alipoanza kazi. Sasa lilikuwa kama sahani ya wali. Akasema hatamwaga kitu. Ataleta vyote nyumbani.

Akaja mlangoni kwangu. "Muthoki, nahitaji mtu wa kunisaidia kubeba vioo. Tena wewe huna maneno mengi. Unaangalia. Hii kazi ni ya kuangalia."

Tulianza kwa Kimanzi, fundi wa vioo kando ya Jogoo Road, karibu na Makadara.

"Mzee, hili kabati ni la mandazi ama la keki?" Kimanzi akauliza.

"La bahari."

"Bahari iko Mombasa, baba. Hapa utapata mtaro."

"Nikatie ya milimita kumi."

"Nane inatosha."

"Inatosha mandazi. Nikitia lita mia na thelathini, nane itavimba tumbo."

Kimanzi alitaka kumuuzia dogo lililokuwa tayari, la bei nafuu, la kukaa juu ya meza. Mzee akalikataa. Aliniambia tukiwa njiani kwamba maji machache hugeuka upesi: jua kidogo yamechemka, usiku mmoja yamepoa. Maji mengi hugeuka polepole, unapata muda wa kurekebisha. Alitaka la futi nne, lakini aliwaza sakafu yetu, tuko ghorofa ya tatu. Akachukua la futi tatu, akalipanga pale ambapo boriti inapita chini.

Pampu alizichagua kwa sikio. Mwenye kibanda cha vifaa vya samaki alizitia kwenye ndoo moja baada ya nyingine, na mzee akainama kama daktari. Ile yenye nguvu zaidi aliirudisha. "Inakoroma," akasema. "Ukuta wetu ni mmoja, Muthoki. Sitaki ukose usingizi." Akanunua mbili ndogo za kusukuma maji huku na huku, na moja ya betri, ya kutoa hewa stima ikipotea. Akanunua taa ya buluu na nyeupe, na mfuko wa chumvi yenyewe ya kazi hiyo. Akanunua pia kipima chumvi, kidude kama darubini: unadondosha tone la maji, unaweka jicho, unaona mstari. Alinifundisha kuusoma. Maji alinunua kwenye mashine ya maji safi, jerikeni baada ya jerikeni, nami nikipandisha. Marion wa duka akacheka sana.

"Mzee, unanunua maji matamu ndiyo uyatie chumvi? Si uchote ya kisima cha borehole, hiyo imekuja na chumvi yake!"

"Ya borehole inaosha choo, mama. Hawa itawaua."

Hita, zile za kupasha maji joto, ndizo zilizochukua muda. Tulikaa kwenye kile kibanda cha vifaa vya samaki hadi mwenyewe akachoka, akaanza kula ugali wake mbele yetu. Alikuwa ameshikilia kwamba mzee achukue moja kubwa. Mzee hakuwa na miwani, akanipa sanduku nimsomee. Wati mia tatu. Akairudisha. Akauliza za hamsini, akataka mbili.

"Kwa nini usichukue moja ya mia?" nikauliza.

"Moja ikikwama ikiwa imewaka, itapika kila kitu kabla hujarudi kutoka kazini. Zikiwa mbili ndogo, moja ikikwama, joto linapanda taratibu. Unaona kwenye kipimajoto. Unaichomoa. Na zikifika nyuzi ishirini na tano zinajizima zenyewe."

"Ndete atasema ni koili."

"Nitamweleza. Zote mbili ni kama balbu moja ya zamani. Koili ni elfu mbili, ukifanya hesabu ni hita zangu arobaini. Nani ana arobaini?"

Nikaangalia sanduku, nikalisoma mara ya pili.

Matumbawe yalikuja mwisho wa Juni kwa pikapu, kwenye ndoo za rangi zilizofungwa blanketi. Kwa wiki nzima yalijikunja. Halafu siku moja mzee akagonga ukuta, nikaenda, nikakuta lile kama sahani limefunguka lote, linacheza na maji kama majani ya mchicha kwenye mvua. Mzee alikuwa amekalia ndoo, hajavua hata viatu vya kazi. Kazi yenyewe ilikuwa imeisha siku ileile tangi la hoteli lilipoondolewa. Viatu alivaa tu kwa mazoea. "Yameshika," akaniambia. "Sasa hapa ndipo kwao."

Wiki ya pili ya Julai tokeni ziliisha Jumatano. Siku nne za giza. Bahati ya mzee, siku hizo jua liliwaka, maji ya tangi yakashika joto. Watu walianza kutafutana, nani anakula stima. Jumatatu stima iliporudi, alasiri, Ndete akapanda ngazi na Mama Triza mbele yake na nusu ya ploti nyuma. Hawakubisha hodi, waliingia moja kwa moja kwa Mzee Shiundu. Nilitoka nikasimama mlangoni kwangu, nikauvuta mlango nyuma ya mgongo wangu, maana ndoo na koili yake vilikuwa katikati ya chumba.

Ndete alitia mkono tangini hadi kwenye kiwiko. Alizitoa hita zote mbili, zinadondosha maji.

"Hii ni nini?"

"Ni hita ya samaki, Ndete. Acha nikueleze."

"Samaki wanaoga maji moto!" Mama Triza akapiga makofi. "Mimi naoga na barafu, samaki wa mzee wanaoga maji moto! Kesho atawapaka mafuta!"

Walicheka hadi ngazi zikalia. Mzee alingoja wamalize. Akaeleza wati hamsini, akaeleza zinavyojizima, akaonyesha maandishi kwenye kioo cha hita. Hakuna aliyeinama kusoma.

"Muthoki," Ndete akasema. Yeye ni Mkamba kama mimi, na tangu nihamie hapa hajawahi kukagua chumba changu. "Wewe ulienda naye kununua. Huyu ni msichana wetu, hawezi kunidanganya. Sema mbele ya watu. Hii ni koili ama si koili?"

Wote wakageuka. Nilihisi komeo la mlango mgongoni. Nikamkumbuka Phelister akikamua godoro.

"Mimi nilibeba vioo tu," nikasema. "Mambo ya stima siyajui."

Mzee Shiundu aliniangalia. Halafu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei.

Ndete hakumtolea vitu. Alisema ni kwa sababu ya mvi zake. Alichukua hita, akakata waya wa soketi kwa koleo, akamwachia balbu tu. Hita moja ilimponyoka kwenye ngazi, ikavunjika, watu wakaruka vipande vyake.

"Pole, mzee," Mama Triza akasema. "Si uwafunike blanketi."

Usiku huo baridi ya Julai iliingia kwa nguvu. Jumanne asubuhi maji yalikuwa nyuzi ishirini na moja, Jumatano kumi na nane. Nilijua kwa sababu mlango wake ulibaki wazi, na watu walikuwa wanaingia kuangalia kama msibani, lakini bila kuketi. Ile pampu ya betri ilikuwa inatoa hewa. Samaki mmoja alilala ubavu kwenye mchanga, akipumua kwa taabu.

"Huyo nikukaangie?" Mama Triza akauliza. "Bado ni mbichi."

 Mzee alikuwa anaweka chupa za soda zilizojaa maji moto zielee juu ya maji ya tangi. Zinapopoa anazitoa, anakimbia ngazi kwenda kibandani kwa mama wa chai, anarudi nazo zimefungwa kwenye sweta. Meko yake ya gesi alikuwa ameiuza akanunua taa, kwa hiyo hakuwa na pa kuchemshia. Siku ya kwanza mama wa chai alimpa bure. Ya pili akamwambia makaa hayaokotwi. Jumatano jioni samaki alikufa, na matumbawe mawili madogo yakatoa ute mweupe, yakaanza kunuka. Alhamisi mama wa chai alimfukuza mbele ya wateja.

Ijumaa saa tatu asubuhi nilikuwa na blanketi nne za mteja wa mtaa wa Umoja, alizotaka kabla ya jioni. Nilifunga mlango, nikachomeka koili. Ndipo nikasikia mzee akibisha mlango wa kwanza wa koridoo.

"Samahani. Maji moto kidogo, chupa mbili."

"Mzee, hata ya chai sina."

Mlango wa pili, mtu alijifanya hayupo, na mtoto wake akacheka. Wa tatu ni wa Mama Triza. Alimwambia ayachemshe kwa lile jiko lake la mawe. Nikasikia kandambili za mzee zinakuja kwangu. Nikaongeza redio. Lakini ndoo ilikuwa imeshaanza kuunguruma, na mlango wangu ni wa mbao nyembamba.

Hakubisha. Alisimama tu. Nilikiona kivuli cha miguu yake chini ya mlango.

"Muthoki."

Nilikuwa nimekaa kitandani, mkono karibu na swichi. Nikizima, mngurumo utakoma, naye atajua nimemsikia. Nikauacha.

"Najua ni nini hiyo," alisema, taratibu, wengine wasisikie. "Nimeijua tangu mwezi wa tano. Mimi sijasema, na sitasema. Hata Jumatatu sikusema."

Mvuke ulikuwa unapanda kwenye kioo cha dirisha.

"Samaki wa pili bado anapumua. Na lile kubwa limebaki. Limejifunga lakini halijatoa ute. Nikilipatia joto leo na kesho, litavumilia hadi nipate hita nyingine. Chupa mbili tu. Hata moja."

Kule mwisho wa koridoo mlango ulifunguliwa, mtu akatoa kichwa, nadhani. Mzee alikohoa, akangoja hadi ukafungwa.

"Si lazima ufungue nikiwa hapa. Mimi naenda zangu ndani. Naziacha chini, karibu na mlango. Ukipata nafasi, msichana wangu, unijazie."

Nikasikia plastiki ikigusa saruji, mara mbili.