Bi Tausi Anakaa Ndani ya Nguzo ya Basi Langu

Usiku wa jana, nikiwa nimelalia karatasi yenye herufi kumi na nne, niliota nimefika kupimwa macho nikakuta ubao wa herufi unakunywa chai.

Hiyo karatasi niieleze mapema, nisije nikaonekana mtu wa ajabu. Mimi ni dereva wa basi la shule hapa Morogoro. Leseni yangu inaisha muda, na leo saa nne asubuhi ni zamu yangu ya kupimwa macho. Sisi madereva tuna utaratibu wetu: anayetoka kupimwa huwaandikia wenzake herufi za ubaoni, nao huzikariri. Mimi nilizipata kwa Mkude, nikazikariri siku tatu, mke wangu akinisikiliza kama mtoto wa madrasa. Miwani ninayo. Niliandikiwa mwaka juzi, nikaivisha soksi na kuitia kabatini, kwa sababu dereva mwenye miwani anawatisha wazazi. Mtaani wanasema naringa, eti siitikii salamu za mbali. Nimewaacha waseme. Bora kuringa kuliko kutoona.

Basi, ndotoni herufi zimekaa kwenye benchi, kila moja na kikombe chake.

"Karibu," inasema ile E kubwa ya juu. "Ila leo tumebadilishana viti."

"Mnaruhusiwa?"

"Kwani wewe umeruhusiwa kutukariri?"

Zile ndogo za mstari wa chini hazikunisalimia kabisa. E ikanitetea, ikasema mimi na wao hatujawahi kuonana.

Mara akaingia trafiki, sare nyeupe imenyooka, mkononi rula ya shule.

"Nyoosha mkono," akasema. "Tazama ukucha wa kidole gumba. Jicho la binadamu linaona sawasawa eneo la ukubwa huo tu. Kwingine kote unabahatisha."

"Afande, mbona mimi naona chumba kizima?"

"Ngoja tuondoe vya kubahatisha," akasema, akapuliza filimbi.

Chumba kikaondoka. Nimeshika usukani wa basi langu, watoto ishirini na sita wanaimba nyuma, na katika dunia nzima kimebaki kipande cha ukubwa wa ukucha. Nikitazama mbele, naona sikio la ng'ombe. Nikisogeza macho, naona kitasa cha mlango wa mtu. Zaidi ya hapo hakuna kitu.

"Afande, hivyo vingine siku zote huwa navionaje?"

"Muulize karani wako."

Karani wangu anakaa nyuma ya paji la uso. Ni mzee mwembamba, kaunda suti ya kijivu, brashi mkononi na kopo la rangi miguuni. Anachora kwa kasi: lami, mti, duka la vocha, mawingu mawili.

"Barabara hii umeiona?" nikamuuliza.

"Sijaiona. Nachora ya jana."

"Na ya jana uliiona?"

"Ya jana nilichora ya juzi."

"Sasa leo akiwepo mtu?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Jana hakuwepo," akasema, akaongeza wingu la tatu.

Nikaona mzee huyu ananichelewesha, nikakanyaga mafuta. Naye akaacha kuchora kushoto, kisha akaacha na kulia.

"Ukikimbia, pembeni sichori," akasema. "Nina mikono miwili tu."

Pande zote mbili zikawa giza. Watoto waliendelea kuimba, tena kwa sauti ya juu, wakiamini kwamba aliyeshika usukani anaona. Hapo nikaogopa kweli.

Tunafika ile kona ya kukata kulia kuingia shuleni. Nasikia hodi. Inatoka kwenye nguzo ya kioo cha mbele, ile ya upande wangu, isiyozidi unene wa mkono. Nafungua. Ndani kuna ukumbi mpana. Ng'ombe mmoja, asiye na sikio kwa sababu nimelichukua mimi, anacheua. Bodaboda wawili wamekaa wanakunywa soda na helmeti zao kichwani. Katikati, kando ya baiskeli yake, ameketi Bi Tausi muuza vitumbua, anakaanga.

"Shikamoo, Bi Tausi," nikasema.

"Haa! Leo umeniamkia!" akasema. "Mwaka wa pili nakupungia mkono pale konani, na wewe umenikazia shingo. Marahaba, mwanangu. Karibu kwako."

"Kwangu?"

"Nguzo si ya basi lako? Sisi wote wapangaji wako. Ukipunguza mwendo nami nimepunguza, ukiongeza nami naongeza, basi nyumba hii inanifunika mpaka konani."

"Samahani, mama. Macho yangu—"

"Hayo macho kayavalie miwani, yatakufaa huko kwenye ubao. Hapa miwani haitoboi chuma. Hapa unainua makalio, unachungulia, huku na huku. Mtu mzima unaona aibu kuchungulia?"

Bodaboda wakacheka. Ng'ombe hakucheka.

"Jana nilitoka mwenyewe," akaendelea, akigeuza kitumbua. "Nilikupigia kofi hapa kwenye nguzo, ukakanyaga breki. Watoto ukawaambia nini?"

Nikakumbuka lile pu! la jana asubuhi.

"Niliwaambia ni jiwe."

"Sasa sikiliza. Keria ya baiskeli imekatika. Kesho mkono mmoja utashika usukani, mwingine utashika ndoo." Akanionyesha mikono yote miwili, myeupe kwa unga wa mchele. "Sitakuwa na mkono wa kupigia."

Nikaamka.

Kumekucha. Nikatoka na kanga ya mke wangu kiunoni mpaka lilipoegeshwa basi, nikasogeza uso karibu na ile nguzo, karibu sana, kama ninavyosoma gazeti. Kwa nje, usawa wa bega la mtu aliye juu ya baiskeli, kulikuwa na kiganja cheupe cha unga wa mchele. Vidole vyote vitano.

"Baba Feruzi!" mke wangu akaita toka mlangoni, karatasi mkononi. "Mstari wa tatu unaanza na nini?"

"Sijui," nikamjibu. "Niletee ile soksi."

Nilivaa miwani. Watoto walipanda, wakanishangaa, wakaimba. Pale konani karani alikuwa ameshamaliza kuchora: lami tupu, mawingu matatu. Nikasimamisha basi, nikainua makalio, nikachungulia nyuma ya nguzo.

Alikuwepo. Mkono mmoja usukani, mwingine ndoo.

"Shikamoo, Bi Tausi!"

"Marahaba," akasema, akapita mbele ya basi taratibu. "Soda za wale vijana utalipa wewe."