Mdomo wa Bomba

Majani ya mpunga yalikuwa yamejikunja kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto, lakini bomba lilisema maji yapo.

Mama Bomba alipiga magoti, akachungulia tena. Maji yalimeremeta ndani, juu ya alama nyekundu. Majirani walimbandika jina hilo tangu alipochimbia kipande kile cha bomba chenye matundu katikati ya jaruba lake. Bibi shamba alikuwa amewaeleza: mpunga si samaki, hauhitaji kuogelea kila siku. Juu pakikauka, chini huwa bado kuna maji, na bomba ndilo jicho la kuyaonea. Yakishuka chini ya alama, mwagilieni. Yakiwa juu, mwachieni mwenzenu.

Naye alikuwa amewaachia wenzake zamu yake ya maji mara mbili. Alikuwa amechoka, uchovu wa mtu anayeamka na mgongo ule ule aliolala nao. Mpunga ulikaribia kubeba mimba. Ukikosa maji sasa ungezaa makapi, na nyumba nzima ililitegemea jaruba hilo moja. Macho yake yalimwambia hili, bomba likamwambia lile. Akaliamini bomba, kwa kuwa lenyewe halikuchoka.

Asubuhi iliyofuata aliwahi kuliko kawaida, akamkuta mama yake ameinama na kopo, akimimina taratibu ndani ya bomba kama anayemnywesha mgonjwa. Midomo yake ilicheza kwa dua.

"Mama! Unafanya nini?"

"Naunywesha mpunga, mwanangu. Wewe umekataa kuufungulia maji. Nitamwombaje Mungu huku nautazama unakufa kwa kiu? Si huu ndio mdomo wake?"

"Tangu lini?"

"Tangu majani yaanze kujikunja. Kila nikimaliza sala ya alfajiri."

Hasira ilimpanda. Aling'oa bomba. Matundu yalikuwa yamezibwa na tope. Maji ya kopo yalikuwa yakikaa humo kama kwenye kikombe, na pembeni udongo ulikuwa mkavu. Kusafisha matundu ilikuwa kazi yake mwenyewe. Alifungua kinywa aseme, akaiona miguu ya mama iliyojaa vumbi la njia. Kutoka kisimani hadi hapa ni mwendo wa kumtoa mtu jasho. Na kuhusu bomba alikuwa amemwambia neno moja tu: usiliguse.

Akaufuata mfereji hadi kwa mdogo wa marehemu mumewe, mwenye zamu siku hiyo.

"Shemeji, naomba maji."

"Ehe! Si mpunga wako umekwenda shule, haunywi ovyo?"

"Cheka tu, shemeji. Ila nifungulie."

Akacheka kweli. Kisha akatupa jicho kule jarubani, kicheko kikamkauka. "Ungesema mapema. Wangu umeshiba tangu jana, haya yanapotelea bondeni bure." Akaenda mwenyewe kuinua ubao wa lango.

Maji yaliingia bila haraka, yakafika kwenye nyufa, yakazama. Mama na binti walikaa juu ya tuta. Kama yalikuwa yamechelewa, hakuna aliyejua. Binti alizibua matundu kwa kijiti, moja baada ya jingine, akilielekeza bomba upande wa mama ili naye aone. Nyufa zilitoa sauti ndogo, kama koo.

"Umeshiba?" mama aliuliza.

"Bado unakunywa, mama."

Mama akalipakata kopo lake tupu, akasikiliza.