Damu Safi

Ili mashine itambue damu yenye homoni za kiwandani, sharti kwanza uionyeshe damu isiyo nazo. Maabara yetu hainunui damu hiyo. Tunatoa yetu wenyewe. Wiki hii ilikuwa zamu yangu. Nani safi kunishinda, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja anayetafuta mtoto mwaka wa saba, asiyegusa hata kidonge cha kichwa? Daktari alikwishaniambia mlango unafungwa.

Jumatatu, mstari uliopaswa kulala kwenye kioo cha mashine ukainuka. Kidogo tu, punje ya chumvi kwenye pipa la maji, lakini palepale inapojitokeza homoni ya vidonge vya kuzuia mimba.

"Umeosha vyombo kwa mate?" mkuu wangu akatania.

Nikaviosha upya. Nikabadilisha mirija. Mstari ukainuka. Mara ya tatu nikatumia damu yake yeye, mzee wa miaka sitini. Ukatulia kama maji mtungini.

Hakutania tena. "Dada, unatumia dawa gani?"

"Situmii..." Nikakumbuka. Kila asubuhi, miaka yote hiyo, nilikunywa kijiko cha unga wa mizizi kutoka kwa shangazi, yule aliyenilea, anayewauzia wanawake wasiopata watoto.

Jioni nilimkuta jikoni kwake akichekecha unga ule.

"Shangazi, humu unatia nini?"

"Mizizi."

"Na nini?"

Chekeche likaendelea kutikisika. "Na vidonge vya duka la dawa, mwanangu. Vya kunyoosha hedhi. Mizizi peke yake haionyeshi kitu, na mwanamke asipoona kitu harudi. Yako si ilinyooka?"

"Vinazuia mimba."

"Natia kidogo tu."

"Kidogo ndicho ninachopima, shangazi. Haba na haba imejaza miaka saba."

Chekeche likasimama. "Ulikuwa unalia sana," akasema. "Nilitaka uone kitu."

Hodi ikabishwa. Mwanamke kijana akaingia na kopo tupu mkononi, uso umemchangamka. "Mama, dawa yako kiboko. Mwezi huu nimeziona siku zangu barabara. Nijazie lingine."

Shangazi akashika kijiko, hakuchota. Alinitazama kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

Nikampokea mgeni kopo lake, nikamvutia kigoda. Shangazi akageukia ukuta.

Nikaanza kumsimulia, na umri wangu kwanza.