Mashine Iliyoitwa Usumani

"Programu ya mtandaoni ni kama mgeni aliyeshuka stendi ya Nyabugogo," Sangwa, mtengeneza programu, alipenda kuwatania mafundi cherehani wa Nyamirambo. "Nyumba haijui, inajua jina tu. Inauliza, fulani anakaa wapi? Ikielekezwa inagonga mlango, inataja neno la siri, inafunguliwa."

Katika programu ya duka la Mukashema, jina hilo lilikuwa Usumani. Mwenyewe ndiye aliyelitaka, kwa heshima ya marehemu baba yake aliyemwachia duka. Basi mashine ya kuhifadhia vipimo, kule Muhima, ikaitwa jina la maiti. Sangwa alicheka, ingawa dunia ilishamfunza kwamba si kila kitu cha kuchekwa.

Juzi mashine iliungua. Leo diski yake ilikuwa mezani ndani ya mfuko wa karatasi, nyeusi kama ndizi iliyosahauliwa jikoni. Vipimo vya harusi ya Ingabire, mteja wa duka, vilikuwa humo, na vitambaa vilikuwa vinasubiri mkasi.

"Umemuua baba yangu mara ya pili," Mukashema alisema.

"Na safari hii hata pilau ya matanga sijapewa, dada."

Akafungua programu amwonyeshe kwamba haina tena pa kwenda. Programu ikaita jina. Ikasita. Kisha ikajibiwa.

Sangwa akatafuta anwani ya aliyejibu. Mahali pa namba palikuwa patupu. Akachomoa waya wa intaneti. Vipimo vikaendelea kushuka, mashangazi, wasimamizi, bwana harusi.

"Vyote sawa," Mukashema alinong'ona, "mpaka kibyongo cha shangazi."

Mstari wa mwisho ulikuwa wa Ingabire mwenyewe. Urefu. Upana. Basi.

"Mbona huyu hana shingo wala kiuno?"

Mukashema akakaa taratibu. "Baba alikuwa akikata na sanda za msikitini," alisema. "Sanda haipimwi shingo."

Sangwa akasogeza kibodi. "Ninakili vya wengine?"

"Futa jina. Futa vyote."

"Harusi ni Jumamosi, dada. Utawapima wote upya?"

Lakini simu ilikuwa sikioni mwa Mukashema tayari. Ingabire alifika kwa pikipiki, akicheka, akilalamikia vumbi. Mukashema hakumwitikia hata salamu. Alimzungushia utepe shingoni, akaisoma namba kwa sauti, akairudia.

"Sasa kiuno. Simama wima, acha kutetemeka."

"Sitetemeki, mama," Ingabire alisema. "Ni mkono wako."