Kikohozi Ghorofani

Basi lilipomaliza mlima, dada mtu alibandika uso dirishani kutafuta tangi la maji. Alikuwa fundi cherehani, na hakuwa amekanyaga jiji hilo tangu walipomzika baba yao kwenye makaburi yaliyo chini ya tangi hilo. Hakuliona. Aliona maghorofa ya vioo yamesongamana, mengine bado yamevikwa neti za ujenzi, winchi zikizunguka juu yake taratibu. Vioo vilionyesha mawingu tu, kana kwamba ndani hamna watu.

Mdogo wake alimpokea kituoni. Walimwita Mfupi tangu utotoni, na jina likamganda hata alipowapita wote kimo.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Nipeleke kwanza kwa baba nikamsalimie, ndipo nile."

Mfupi akabeba begi bila kumtazama. "Twende."

Walifika kwenye jengo lililoyapita mengine yote, wakapanda lifti hadi masikio yakamziba dada mtu. Akadhani wanaenda kuweka mizigo. Mfupi alifungua chumba chenye kitanda, kiti kimoja na jiko dogo la gesi kwenye kona, jiji lote likiwa limetandazwa dirishani.

"Makaburi yako upande gani?"

"Chini yetu." Mfupi aliketi kitandani. "Walipotaka kujenga walituita tuhamishe watu wetu. Nilisimama pale kutwa. Wenzangu wote walipata wa kwao. Baba hakuonekana. Wakachimba tena, wapi. Jengo lilipoisha nikapanga hapa. Ningemwachaje peke yake?"

Dada alitaka kumgombeza kwa kumficha, ila hakuwahi. Kwenye kona ya jiko mtu alikohoa, akasafisha koo, kama baba alivyofanya kila alipotaka kumwita amletee maji.

"Abee, baba," akaitika kabla hajajijua.

Mfupi alikuwa amejiinamia.

"Kumbe nawe umemsikia," alisema. "Nilidhani nachanganyikiwa. Sijawahi kuthubutu kuitika."

Dada alijaza maji kikombeni, akakiweka pale kwenye kona. Alikaa siku chache. Kikohozi hakikurudi.

Dada alipokwisha kurudi kwake, Mfupi alimpigia simu.

"Dada, hakohoi tena."

"Si ndiyo vizuri? Utalala sasa."

"Silali. Nakesha nikimsikiliza." "Rudi basi, Dada. Chumba kimekuwa kikubwa mno."