Saluti ya Koplo

Fundi nakshi alikuwa amechonga chapa za sarafu kwa miaka thelathini bila kukosea. Chapa huchongwa kinyume, ndipo sarafu itoke sawasawa, kwa hiyo kila picha aliichonga akiitazama kwenye kioo. Safari hii kioo alikiacha kabatini. Sarafu ya fedha ya miaka hamsini ya Ushindi ilitaka picha ya kaka yake, Koplo, siku aliyorudi kutoka vitani, na sura ile, jamani, si aliijua kuliko yake mwenyewe!

Ndivyo Koplo, aliyeacha mkono wa kushoto vitani, alivyotoka kwenye mashine akipiga saluti kwa mkono huohuo, na wa kulia ndio haupo. Aliyegundua ni mkurugenzi wa kiwanda cha sarafu, asubuhi ya sherehe, sarafu elfu tano zikiwa zimeshapangwa kwenye vikasha vya mahameli. Fundi jasho jembamba likamtoka. Ilibaki miezi miwili astaafu, na sasa unga ulikuwa unakaribia kumwagika.

Mkurugenzi alitafakari kidogo, kama mtu mwenye akili zake.

"Sarafu haibadiliki tena," akasema. "Mzee mwenyewe je?"

Basi ndugu wawili wakaingizwa stoo na glovu nyeupe, pamba na bandeji. Fundi aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Kaka, nisamehe. Ukikataa sitakulaumu. Acha wanifukuze."

"Wakufukuze, halafu uje kunikalia sebuleni kutwa nzima?" Koplo akaiinua sarafu kwenye mwanga wa dirisha. Akaitazama weee, mpaka utani ukamwisha. "Mdogo wangu, si ndio huu mkono wangu? Miaka hamsini sijauona." Akaitia sarafu mfukoni. "Haya, nifunge huu mwingine. Wageni wanangoja."

Fundi akaufunga ubavuni mkono mzima wa kaka yake, akaufunika kwa koti, akaujaza pamba mkono wa koti uliokuwa mtupu na kuuvisha glovu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Uwanjani Koplo alisimama wima mbele ya wakubwa, kifua mbele. Bendi ikaanza wimbo wa taifa. Safu nzima ya askari ikapiga saluti. Mkurugenzi akamsogelea fundi, amenuna.

"Mbona huyo kaka yako hapigi saluti?" akanong'ona. "Hana heshima kwa mashujaa?"